Ripoti ya Bwawa la Mto Nsunzu kwa Wananchi wa Kalembwe

Ndugu Mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya, ambaye gari lake limeharibika njiani lakini kiti chake tumekiweka na tunakiheshimu, Ndugu Katibu wa Chama wa Kata, ndugu wajumbe wa Kamati ya Wilaya ya Uchunguzi wa Athari za Miradi kwa Ardhi, Maji, Misitu na Viumbe, ambayo mimi, Ambwene Mwasulama, ndiye mwenyekiti wake tangu ilipozaliwa mwezi wa Februari mwaka huu wa 1976 (wajumbe wawili wanapiga makofi), Ndugu Zenon, mwenyekiti wa kijiji hiki cha ujamaa cha Kalembwe, Ndugu Katekista, ndugu walimu, ndugu mabalozi wa nyumba kumi kumi, wazee wangu, shikamooni, akina mama, akina baba, vijana, na ninyi mliosimama kule nyuma kwenye majani, ambao nawaomba msogee maana uwanja una nafasi ya kutosha (hakuna anayesogea), nawasalimu nyote kwa jina la Chama na Serikali.

Nimesimama mbele yenu leo hii, mwezi huu wa Novemba, kuwasilisha kwa mapana na marefu yake ripoti ya mwisho ya uchunguzi wa athari za Bwawa la Umeme la Mto Nsunzu, mradi wa mfano, ripoti ambayo ina kurasa mia mbili na kumi na nne, imepigwa taipu na Ndugu Sekela, karani wetu, huyu hapa aliyekaa na daftari lake, na ambayo kwa uzito wake imebidi ije ndani ya gunia. (Gunia linainuliwa. Vicheko kidogo.) Mimi nilitoka Mbeya mwaka wa 1969 nikiwa na sanduku moja la bati, na tangu siku hiyo nimetumikia kamati tano katika uwanda huu wa Ufipa, na najivunia kusema kwamba hakuna hata moja kati ya hizo iliyopata kufikia uamuzi kwa pupa.

Historia ya mradi, kwa faida ya wale ambao mambo haya yaliwakuta wakiwa bado wamelala, ni kama ifuatavyo. Mwezi wa Januari, kamati ikiwa bado haijazaliwa, wilaya ilipokea bahasha kutoka ofisi za juu, yenye waraka unaoagiza kwamba kuanzia sasa hakuna mradi wowote wa maendeleo utakaoanzishwa kabla athari zake kwa mazingira hazijafanyiwa asesimenti ya kina, na pamoja na waraka huo ilikuwamo fomu ya kurasa sita. Ukurasa wa tatu wa fomu ulieleza bwawa: ukuta wa mita kumi na nane, ziwa la ekari mia nne, na umeme wa kutosha kuwasha taa wilaya nzima. Jina la mto peke yake ndilo lililokuwa limeachwa wazi, paliwekwa nukta nukta tu. Kamati ilikaa vikao vitatu pale mjini, Majengo, juu ya nukta hizo, na mwishowe ikaona kwamba ofisi za juu, kwa hekima yao, wametuachia sisi tulio karibu na mito tuchague wenyewe. Tukauchagua Nsunzu kwa sababu ndio mto unaoonekana vizuri kutoka barabarani. (Minong'ono.)

Hatukukurupuka. Kabla ya kuja hapa kijijini, kamati nzima ilisafiri kwenda Kipili, kwenye ziwa kubwa, kwa ziara ya mafunzo ya siku sita, kwani wajumbe wengi hawakuwa wamewahi kuona maji mengi yakiwa yamekaa mahali pamoja, na haiwezekani mtu kutoa uamuzi wa kitaalamu juu ya kitu asichokijua. Tulisimama ufukweni tukayaangalia. Tukaandika kwamba maji yanapokuwa mengi yanafanya mawimbi, na kwamba migebuka, wale samaki wa Kipili, ni mitamu ikikaangwa, na matokeo hayo yote mtayakuta katika Kiambatisho cha Pili.

Ndipo mwezi wa Aprili tukashuka bondeni. Wengi wenu mlituona siku ile, tukiwa na kamba ya kupimia na mwavuli. Mtu wa kwanza kutukaribisha alikuwa marehemu mzee Eustace, ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu lakini alitutembeza katika bonde lote bila kujikwaa, akitutajia kila mfereji na mwaka alioufungua, maana mifereji yote ile inayotoa maji kwenye kisima cha juu hadi bustani za maharage aliichimba yeye kwa jembe alilofua mwenyewe ujanani, enzi za tanuru za chuma. Pembeni yake alikuwa mkwewe, mke wa marehemu mwanawe, Ndugu Dominika, yule pale aliyejifunga khanga ya kijani. (Watu wanageuka kumtazama. Yeye anatazama mbele.) Mzee Eustace alituuliza ukuta wetu utakuwa na urefu gani. Tukamwambia mita kumi na nane. Akaniambia, na Ndugu Sekela aliyaandika maneno yake neno kwa neno: "Mwanangu, njoo mwezi wa kumi. Mbuzi anauvuka mto huu bila kulowa magoti. Hilo ziwa utalijaza na nini?"

Kamati ilimshukuru mzee, na mchango wake ukawekwa kwenye fungu la maoni yasiyo ya kitaalamu.

Sasa nataka niwaeleze kuhusu data, kwa sababu kuna watu wanasema kamati haikufanya kazi. Tulihesabu vyura, ndugu wananchi. Tulipata vyura mia nne na sita, wa aina tatu. Tulihesabu mikuyu kumi na minne, korongo wawili, na mashimo ya panya yasiyohesabika, ambayo yaliandikwa kama yasiyohesabika. Tuliandika udongo, tukaandika maji, tukaandika upepo. Fomu ilikuwa na nafasi ya kila kiumbe wa Mungu, na palipofika zamu ya kaya thelathini na nane zilizokuwa zinaishi bondeni na kulima humo, tulipekua kurasa zote sita na hatukuona safu ya watu. Baada ya majadiliano marefu, watu waliingizwa kwenye Mengineyo.

Ndugu Dominika, ambaye anajua kusoma vizuri kwa sababu alipitia kisomo cha watu wazima na akapewa cheti, aliomba kuiona karatasi. Nilimweleza kwamba nyaraka za serikali zina utaratibu wake. Akasema anaelewa, ila angependa kujua kama kuna mtu mahali fulani ameliomba bwawa hili, maana yeye amemuuliza Ndugu Zenon, na Ndugu Zenon amewauliza watu wa kata, na wa kata wamesema wamelisikia kwetu. Ndugu Zenon naye akakubali kwamba ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilijibu, na jibu hilo nililiona la busara sana wakati ule, kwamba mwananchi mwema haulizi maendeleo yametoka wapi bali anauliza ayapokee wapi. (Mjumbe mmoja anapiga makofi, anaacha.)

Hapo tulikumbana na tatizo la kisayansi. Asesimenti inataka mazingira yapimwe yakiwa katika hali yake ya asili. Bonde lilikuwa limejaa watu, na watu wanalima, wanakanyaga, wanachota, wanawatisha vyura. Ikabidi kamati iamue kwa kauli moja, ikiwa ni asilimia mia moja ya wajumbe nikiwemo mimi mwenyewe, kwamba wananchi wahame bonde kwa muda ili tupate kuchunguza athari za wao kulihama. Agizo lilitoka tarehe tatu Mei. Ninyi mlikuwa mmekwisha kufukia majani kwenye matuta na kupanda maharage ya kiangazi. Yaliachwa humo.

Mlihamia hapa juu kilimani. Kamati iliwaahidi mabati, na ahadi hiyo bado ni ahadi hai, iko ukurasa wa mia moja na tisini. Nanyi mnaufahamu upepo wa Ufipa mwezi wa Juni kuliko mimi, ingawa sasa nami naufahamu. Niliwahi kufika hapa wakati huo, nikiwa nimevaa koti na skafu niliyofumiwa na mke wangu, na nilikuta vibanda vya nyasi ambavyo upepo unaingia upande mmoja na kutokea upande wa pili bila hata kupunguza mwendo. Katika ripoti nimeandika kwamba wananchi wamepata hewa safi. Hivyo ndivyo nilivyoandika.

Mzee Eustace alianza kukohoa mwishoni mwa Juni. Ndugu Dominika alimbeba mgongoni mpaka barabarani, akapata lori, wakafika hospitali ya Sumbawanga, mzee akapewa dawa, akarudishwa kilimani pale pale penye upepo. Alikuja ofisini kwangu, huyu mama, akiwa na matope mpaka magotini, akaomba kitu kimoja tu, kwamba mzee arudi kwenye nyumba yake ya bondeni, nyumba ya matofali yenye ukuta mnene, akae humo peke yake mpaka baridi iishe. Hatalima, alisema. Hatawatisha vyura. Mimi nilimjibu kwamba ombi lake ni zuri na litaletwa kwenye kikao. Kikao kilikuwa tarehe kumi na mbili Agosti. Mzee Eustace alifariki tarehe tisa.

(Katekista anafanya ishara ya msalaba.)

Ndugu wananchi, kwa mujibu wa hotuba niliyoandaa, mahali hapa pameandikwa "changamoto ndogo ndogo za utekelezaji," na baada ya hapo ninatakiwa niende kwenye takwimu za mikuyu. Nitairuka mikuyu.

Familia ilitaka kumzika bondeni, karibu na kisima, mahali alipolala baba yake. Bonde lilikuwa limefungwa kwa uchunguzi, na shimo la kaburi, kwa tafsiri ya kamati, lilikuwa ni uchimbaji, na uchimbaji ni mradi, na mradi unahitaji fomu. Tulisema tutalitazama jambo hilo kwa haraka iwezekanavyo. Ndugu Zenon na Ndugu Dominika na watu wa kaya zote thelathini na nane hawakungoja. Walishuka mchana kweupe wakiwa wamembeba mzee wao, wakamzika, wakaimba, wakapanda tena mlimani bila kung'oa hata jani moja la kamati.

Kamati ilikasirika. Iliandikwa barua ya onyo kali, nakala tano, nami nikasema nitaipeleka kwa mkono wangu ili iwe na uzito. Nilimkuta Ndugu Dominika nje ya kibanda chake akipepeta ulezi. Sijui nilitegemea nini. Nilidhani labda atanifokea, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa na maneno ya kumjibu. Akaniletea kigoda, akaninawisha mikono, akanipakulia ugali wa ulezi na maharage, na akaniambia, "Kula kwanza, Ndugu Mwenyekiti. Umetoka mbali, na mtu wa msiba hamfukuzi mgeni." Nikala. Hayo maharage yalikuwa ya mwisho kutoka bondeni, aliyoyavuna mwaka jana. Barua ilikuwa mfukoni, upande huu wa kushoto. Nilimaliza chakula, nikamwambia pole, nikaondoka. Katika kumbukumbu za kamati imeandikwa kwamba onyo lilikabidhiwa na likapokelewa kwa unyenyekevu. Ndugu Sekela, hilo ulirekebishe. (Karani anainua macho, kisha anaandika.) Barua yenyewe iliishia kwenye moto wa jiko nyumbani kwangu Izia.

(Mjumbe mmoja wa kamati anasimama na kumnong'oneza Mwenyekiti. Mwenyekiti anamwomba akae.)

Ninaambiwa nirudi kwenye mada. Mada ni shukrani. Kila hotuba huishia kwa shukrani, nami ninazo nyingi.

Naishukuru sana ofisi ya juu, ambayo baada ya sisi kuipelekea ripoti hii ya kurasa mia mbili na kumi na nne mwezi wa Septemba, imetujibu kwa ukurasa mmoja. Barua imefika Alhamisi iliyopita. Naomba niisome kama ilivyo, kwa kuwa nimeshindwa kuipamba. "Ndugu, tumepokea ripoti yenu. Tunawaarifu kwamba ofisi hii haijapata kupokea, kupanga wala kufikiria bwawa lolote katika Mto Nsunzu. Maelezo yaliyo katika ukurasa wa tatu yaliwekwa ili kuonyesha wilaya namna fomu inavyojazwa, kama neno lililopigwa chapa juu ya ukurasa huo linavyoeleza. Tafadhali rudisheni fomu yenyewe."

(Watu wanatazamana. Mtu anauliza kwa Kifipa, anajibiwa kwa Kifipa. Kelele zinapanda, Zenon ananyoosha mkono, zinashuka.)

Neno lililokuwa juu ya ukurasa, ndugu zangu, ni MFANO. Na namshukuru Ndugu Sekela, ambaye mwezi wa Machi, tukiwa bado hatujashuka bondeni, aliniletea karatasi ile mezani akaniwekea kidole chini ya neno hilo, akasema, "Mzee, naona hapa wameandika mfano." Nikamjibu kwamba nimeona, na kwamba hiyo ndiyo heshima yenyewe, maana kuna kijiji cha mfano na shamba la mfano, na sasa Sumbawanga itakuwa na bwawa la mfano. Kisha akasema sawa, mzee, akaenda kupiga taipu. Hakuwa na la kufanya. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti.

Nawashukuru vyura. Nawashukuru watu wa Kipili kwa samaki. Nazishukuru kaya thelathini na nane kwa uvumilivu, ingawa hakuna aliyewapa nafasi ya kutovumilia. Kwa kuwa bwawa halikuwapo, kamati imeshauriwa na wanasheria wake kwamba hata kuhamishwa kwenu hakukuwapo, na kwa hiyo hakuna anayehitajika kuomba radhi. Nimeusikia ushauri huo. Mimi naomba radhi kwa niaba yangu mwenyewe, kwa jina langu, Ambwene, mtoto wa mkulima kama ninyi.

Na kuanzia dakika hii, kwa mamlaka niliyopewa, na hata yale ambayo sikupewa, natangaza kwamba bonde liko wazi na wananchi wote wanaruhusiwa kurudi. (Hakuna makofi. Watu wanamtazama Zenon. Zenon anamtazama Dominika.)

Ndugu Dominika amenyoosha mkono. Naomba asikilizwe.

(Dominika anasimama. Anasema: "Tunashukuru, Ndugu Mwenyekiti. Ila sisi tulirudi tangu Jumatatu. Mvua ya kwanza ilinyesha, tukaona tusipopanda sasa mwakani tutakula nini. Tumekuja huku juu leo kwa sababu tangazo lenu lilisema mkutano uko kilimani.")

Naona. Hivyo vibanda nyuma yenu havina watu.

(Dominika: "Tumeshabomoa nyasi, tunatandikia mbuzi.")

Vizuri. Ndugu Sekela, hilo liandike pia, uliandike kama alivyosema.

Basi imebaki kauli mbiu, nami niliandaa tatu. Uchunguzi, juu! (Kimya.) Maendeleo, juu! (Katekista peke yake: "Juu.") Ya tatu ni ndefu, na mawingu nayaona yanakuja upande wa milima ya Lyamba, na ninyi mna mbegu za kufukia. Sitawachelewesha. Asanteni kwa kutoa siku ya kupanda mkaja kusikiliza ripoti ya kitu ambacho hakikuwapo. Gunia hili la karatasi naliacha kwa Ndugu Zenon. Upande wa pili hazijaandikwa, shule itazitumia.

Nina ombi la mwisho, na hili halimo kwenye hotuba. Ndugu Dominika, tangu siku ile nilipokula kwako sijafika alipolala mzee. Kama haitakuwa usumbufu, ningependa unipeleke.

(Dominika anachukua jembe lake lililokuwa limeegemezwa kwenye meza kuu. Anasema: "Si usumbufu. Ni njia tunayopita. Vua viatu tu, mfereji umejaa." Watu wanaanza kushuka. Wajumbe wa kamati wanabaki wamekaa. Mwenyekiti anainama na kufungua kamba za viatu, kimoja kimoja.)